Kuchagua Mchezo wa Mezani wa Kucheza Peke Yako: Mwongozo Kamili wa Kabla ya Kulipa

Wasomaji wengi wamenisimulia kisa kile kile kwa maneno tofauti. Mtu ameona boksi zuri lililoandikwa "wachezaji 1–4", amelipa, amesubiri wiki kadhaa lifike, amecheza mara mbili, kisha boksi limehamia juu ya kabati. Mara nyingi mchezo wenyewe hauna kasoro. Kosa limefanyika kabla ya malipo, pale mnunuzi alipoiamini ile tarakimu 1 bila kuuliza ina maana gani.

Mwongozo huu unahusu kipindi hicho cha kabla ya malipo. Ufuate kwa mpangilio, kwa sababu unachokiandika katika hatua moja kinatumika katika hatua zinazofuata.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari na kalamu.
- Futi ya kupimia, hata ile ya fundi cherehani.
- Seti moja ya karata 52 za kawaida.
- Simu yenye saa, na bando la kutosha kupakua vitabu vitatu vya kanuni na kutazama video moja ndefu.
- Kiasi cha fedha ulichokubali kukitumia, kikiwa kimeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kabla hujatazama picha ya mchezo wowote.

Hilo la mwisho si la kupuuzwa. Bei ikishaonekana, akili hutafuta sababu za kuihalalisha.

## Hatua ya 1: Jipime kwa karata ulizonazo

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba unafurahia kukaa peke yako na karata mezani. Kipimo kizuri ni Scoundrel, mchezo wa mtu mmoja uliobuniwa na Zach Gage na Kurt Bieg mwaka 2011, ambao unahitaji karata za kawaida tu.

Ondoa jokeri, kisha ondoa J, Q, K na A zote nyekundu. Zitabaki karata 44. Nyeusi zote, yaani shupaza na pau (maua), ni maadui wenye nguvu ya 2 hadi 14, ambapo J ni 11, Q ni 12, K ni 13 na A ni 14. Uru, ambazo wengine huziita kisu, ni silaha. Kopa ni dawa. Unaanza na uhai wa pointi 20, na uhai huo hauvuki 20 hata ukinywa dawa kiasi gani.

Changa karata, kisha fungua nne mezani. Hicho ni chumba. Unaweza kukikwepa kwa kuzirudisha zote nne chini ya rundo, lakini huruhusiwi kukwepa vyumba viwili mfululizo. Ukiamua kuingia, unacheza karata tatu kati ya hizo nne, moja baada ya nyingine, na ile inayobaki inaongezewa tatu mpya kuwa chumba kinachofuata. Adui ukimpiga kwa mikono mitupu, unapoteza uhai sawa na nguvu yake yote. Ukitumia silaha, unapoteza tofauti tu. Hata hivyo, silaha iliyokwisha kumuua adui mmoja inaweza kutumika tena kwa adui aliye dhaifu kuliko yule wa mwisho tu. Ukichukua silaha mpya, ya zamani inaondoka. Katika chumba kimoja ni dawa moja tu inayofanya kazi. Ukimaliza rundo ukiwa hai, umeshinda.

Cheza mara tatu. Utashindwa zaidi ya utakavyoshinda, na hilo si tatizo. Baada ya kila mchezo andika sentensi moja: ni kitu gani kilinivuta na ni kitu gani kilinichosha? Mtu aliyechoshwa na bahati ya karata anahitaji mchezo wenye maamuzi mengi zaidi. Aliyechoshwa na kuhesabu na kusogeza vitu asiguse michezo mizito. Aliyechoshwa na ukimya wenyewe anatafuta watu, na fedha zake zitamfaa zaidi katika mchezo wa wachezaji wanne.

Dalili ya mafanikio: umeshindwa, na bado mkono unataka kuchanga karata tena.

## Hatua ya 2: Pima meza, muda na macho

Pima eneo la meza ambalo ni lako kweli, si meza nzima. Katika nyumba nyingi meza ya kuchezea ndiyo meza ya chakula, na hivyo swali la kwanza ni kama mchezo unaweza kukaa hapo baada ya saa mbili usiku. Kama hauwezi, tafuta mchezo unaomalizika kwa kikao kimoja, au uliogawanywa katika sehemu fupi zinazoweza kufungwa na kuhifadhiwa.

Karata za michezo mingi ya kisasa zina takriban milimita 63 kwa 88, kipimo kilicho karibu sana na cha karata nyingi za dukani. Kwa hiyo seti yako ya 52 ni rula tayari. Panga karata 10 kwa mstari, uone zinavyokula sentimita 63 na zaidi, kisha acha nafasi ya ubao na ya marundo mawili. Wengi huishia hapa kutambua kwamba mchezo waliouota ungewalazimu kucheza sakafuni.

Muda ulioandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni wa watu wanaoujua mchezo, bila kuhesabu kupanga vitu na kuvirudisha. Kwa michezo ya mwanzo uzidishe mara mbili. Kama boksi linasema dakika 45 na wewe una saa moja tu usiku, utakuwa unafunga mchezo katikati kwa mwezi mzima wa kwanza.

Jambo la tatu ni lugha. Karata nyingi zimeandikwa Kiingereza, na kusoma karata 30 zenye aya ndogo ndogo baada ya siku ya kazi si sawa na kusoma gazeti asubuhi. Amua mapema kama unataka maandishi mengi, machache, au alama za picha peke yake.

Dalili ya mafanikio: daftari lina majibu matatu: sentimita za meza, dakika kwa kikao, na kiasi cha maandishi unachokivumilia.

## Hatua ya 3: Tambua ile "1" ni ya aina gani

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa sababu tarakimu hiyo moja inabeba mambo matano yasiyofanana.

Mchezo uliobuniwa kwa mtu mmoja. Friday wa Friedemann Friese (2011), Under Falling Skies wa Tomáš Uhlíř (2020) na Final Girl (2021) ni vya mchezaji mmoja tu. Onirim wa Shadi Torbey (2010) unaruhusu wawili, lakini roho yake ni ya mmoja: unatafuta milango 8 ndani ya rundo lenye karata 10 za jinamizi. Faida ya kundi hili ni kwamba hakuna kanuni inayosubiri mtu ambaye hayupo. Ukiwa na shaka, anzia hapa.

Mchezo wa ushirikiano. Wachezaji wote wanapambana na mchezo wenyewe, kwa hiyo mmoja akibaki peke yake mapambano hayabadiliki sana. Spirit Island wa R. Eric Reuss (2017), Robinson Crusoe wa Ignacy Trzewiczek (2012) na Arkham Horror: The Card Game (2016) ni mifano mikubwa. Tahadhari yake ni moja: baadhi ya michezo ya ushirikiano hupata ladha pale majukumu mawili yanaposaidiana, na hapo mtu mmoja hulazimika kushika pande mbili. Pandemic wa Matt Leacock (2008) umeandikwa wachezaji 2–4. Unaweza kuucheza peke yako ukishika wahusika wawili, na watu wengi wanafanya hivyo, ila lazima upende kubeba mawazo ya watu wawili kichwani.

Mpinzani wa karatasi. Mcheza bao ana mtu mbele yake wa kumsoma uso. Hapa mpinzani ni rundo dogo la karata. Wingspan wa Elizabeth Hargrave na Scythe wa Jamey Stegmaier hutumia mpinzani wa namna hiyo aitwaye Automa, ambaye hafuati kanuni zote za binadamu bali hufunua karata inayoeleza alichofanya. Katika Wingspan una zamu 26 kwa mchezo mzima (8, 7, 6, kisha 5), na baada ya zamu yako unafunua karata kwa niaba yake. Swali la kujiuliza si kama Automa ni hodari, bali kama uko radhi kuwa karani wake. Mimi niko radhi kwa Wingspan, kwa sababu karani anamaliza kazi kwa sekunde chache. Kuna michezo mingine ambayo mpinzani wa karatasi ana chati ya maamuzi ndefu kuliko zamu yangu mwenyewe, na hiyo nimeiacha.

Kushindana na muda. Katika Terraforming Mars wa Jacob Fryxelius (2016), mchezaji wa peke yake hupewa vizazi (yaani raundi) 14 kukamilisha joto, oksijeni na bahari za sayari. Hakuna mpinzani, kuna kalenda tu. Ukikamilisha umeshinda, usipokamilisha umeshindwa, na uwazi huo unapendeza.

Kushindana na alama zako. Unacheza, unajumlisha, unatazama jedwali linalokuambia kama umefanya vizuri. Cascadia wa Randy Flynn (2021) uko karibu na kundi hili, ingawa umeongezewa changamoto za kutimiza. Wapo wanaotulia kabisa na michezo hii kama watu wanavyotulia na chemsha bongo ya gazetini. Wapo pia wanaouliza, baada ya kupata alama 92, "halafu?" Kama sentensi zako za Hatua ya 1 zinasema ulipenda kufukuzwa na hatari, kundi hili si lako hata kama picha zake ni nzuri kiasi gani.

Dalili ya mafanikio: unaweza kueleza kwa sentensi moja mchezo unaoutaka unakushindaje. Ukikosa jibu, bado hujaujua.

## Hatua ya 4: Soma tovuti ya BoardGameGeek bila kudanganyika

Tovuti hii ndiyo hazina kubwa kuliko zote ya takwimu za michezo ya mezani, lakini namba inayoonekana kwa ukubwa, yaani wastani wa kura kati ya 1 na 10, ndiyo inayokufaa kidogo zaidi. Kura hizo zimepigwa kwa sehemu kubwa na watu wanaocheza na wenzao. Brass: Birmingham (2018) umewahi kushika nafasi ya kwanza katika orodha hiyo, na boksi lake limeandikwa wachezaji 2–4. Mnunuzi wa peke yake anayefuata orodha kutoka juu angekwama kwenye mchezo wa kwanza kabisa.

Tazama mambo matatu badala yake. La kwanza ni kura ya idadi ya wachezaji, ambako watumiaji huchagua kama mchezo ni bora, unapendekezwa au haupendekezwi kwa kila idadi. Tafuta mstari wa mtu 1. La pili ni uzito, yaani ugumu wa mchezo, unaopimwa kutoka 1 hadi 5: Cascadia uko chini ya 2, Wingspan karibu na 2.5, Spirit Island karibu na 4, na Mage Knight wa Vlaada Chvátil (2011) umevuka 4. Kwa anayeanza, nashauri asivuke 3. La tatu ni kura ya utegemezi wa lugha, inayoonyesha kama mchezo unachezeka bila kusoma Kiingereza kingi.

Tahadhari: uzito si ubora. Nimewahi kununua mchezo mzito ili nisionekane mwanafunzi, nikaucheza mara mbili, na mara zote mbili nikawa nimekosea kanuni.

## Hatua ya 5: Soma kanuni kabla ya kumiliki mchezo

Wachapishaji wengi huweka vitabu vya kanuni mtandaoni bure. Chagua michezo mitatu iliyopita vipimo vya hatua zilizotangulia, kisha pakua vitabu vyake. Usisome vyote kuanzia mwanzo. Nenda kwanza kwenye ukurasa wa mchezaji mmoja na uhesabu mambo mawili: kanuni ngapi zinafutwa, na ngapi mpya zinaongezwa. Ukurasa unaosema "cheza kama kawaida, isipokuwa…" kisha ukafuatwa na mambo 20, unakuambia kwamba mchezaji wa peke yake alifikiriwa mwishoni.

Kisha tazama video ya mtu anayecheza peke yake kuanzia kupanga hadi mwisho. Uchambuzi wa dakika 10 hautoshi, kwa kuwa mchambuzi hukata sehemu zinazochosha, na sehemu hizo ndizo unazohitaji kuziona. Weka saa. Andika ni dakika ya ngapi uamuzi wa kwanza wenye uzito ulifanyika, na ni dakika ya ngapi ulishika simu kuangalia ujumbe.

Kama mchezo una programu ya simu au kompyuta, kama ilivyo kwa Onirim, Wingspan, Terraforming Mars na Spirit Island, ujaribu huko kwa gharama ndogo. Kumbuka tu kwamba programu hukuchangia karata, hukuhesabia alama na hukukataza kukosea. Ukiupenda mchezo kwenye simu, umethibitisha kwamba unapenda maamuzi yake. Kazi ya mikono bado hujaionja.

Dalili ya mafanikio: unaweza kucheza zamu moja kwa kalamu na karatasi bila kufungua kitabu.

## Hatua ya 6: Linganisha michezo mitatu, na anza kwa kuondoa

Chora jedwali lenye safu tatu. Usitoe alama na kujumlisha, kwa sababu alama 5 za uzuri wa picha haziwezi kufidia meza isiyotosha. Anza na masharti yanayokata: meza, muda, lugha, fedha. Mchezo unaovunja sharti moja utoke, hata kama unaupenda. Kinachobaki ndicho kinachostahili kulinganishwa kwa ladha.

Chukua mfano. Mtu ana sentimita 70 kwa 70, ana dakika 60 pamoja na kupanga na kurudisha, anasoma Kiingereza vizuri lakini huwa amechoka, na katika Hatua ya 1 aliandika kwamba alipenda kuona hatari ikimkaribia. Amechagua Cascadia, Wingspan na Spirit Island.

Spirit Island unatoka mara moja. Boksi linasema dakika 90–120, na ingawa mtu mmoja mzoefu huweza kwenda haraka zaidi, mzoefu huyo bado hajazaliwa.

Wingspan umeandikwa dakika 40–70. Unaingia kwa shida kwenye muda, na kila karata ya ndege ina maandishi. Haujavunja sharti, lakini umelikanyaga.

Cascadia unachukua dakika 30–45, zamu ni 20 tu, na vigae vyake vinaeleweka kwa alama za picha. Umepita masharti yote. Ila hauna hatari inayomkaribia mtu. Una mandhari tulivu na hesabu ya alama.

Mshauri wa haraka angesema achukue Cascadia. Mimi ningemwambia arudi Hatua ya 3, kwa kuwa ulinganisho umeonyesha kwamba orodha yenyewe ilikosewa. Mchezo wake ni Under Falling Skies: dakika 20–40, maandishi machache, na kiini chake ni dadu ambayo thamani yake ikiwa kubwa inakupa tendo lenye nguvu zaidi, lakini inashusha meli za adui za safu hiyo kwa hatua nyingi zaidi kuelekea mji wako. Hatari inashuka kwa mkono wako mwenyewe. Usione aibu kuvunja jedwali lako na kulichora upya; karatasi ni rahisi kuliko boksi.

## Hatua ya 7: Piga gharama kamili

Bei ya boksi ni mwanzo tu. Ukiagiza kutoka nje, ongeza usafiri, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kiwango cha kawaida ni 16% nchini Kenya na 18% Tanzania Bara na Uganda, ikitozwa juu ya thamani inayojumuisha usafiri. Kwa hiyo uzito wa boksi ni fedha. Gloomhaven wa Isaac Childres (2017) una takriban kilo 10. Ndugu yake mdogo, Jaws of the Lion (2020), una matukio 25, na hutumia kurasa za kitabu kama ubao badala ya lundo la vipande. Upande wa pili kabisa yupo Sprawlopolis (2018), mwenye karata 18 zinazoingia mfukoni. Ndugu au rafiki anayekuja likizo anaweza kukubebea karata 18. Usimwombe akubebee kilo 10.

Hakikisha boksi unalolipia linachezeka lenyewe. Boksi kuu la Final Girl halichezeki bila angalau boksi moja la ziada, liitwalo la filamu, linalouzwa kando, na mnunuzi asiyesoma maelezo hupokea nusu ya mchezo.

Nyongeza usinunue sasa, na mifuko ya kulindia karata isubiri mpaka umepima karata zenyewe kwa rula.

Dalili ya mafanikio: jumla ya mwisho haizidi namba ya ukurasa wa kwanza wa daftari.

## Hatua ya 8: Michezo mitano ya kwanza

Boksi likifika, hesabu vipande kwa kufuata orodha iliyo mwanzoni mwa kitabu kabla ya kutupa karatasi za kufungia, kwa kuwa muuzaji husikiliza malalamiko ya siku ya kwanza kuliko ya mwezi wa pili. Mchezo wa kwanza ucheze kwa kiwango rahisi kabisa, kitabu kikiwa wazi, bila kujali nani ameshinda. Aliyechagua Spirit Island, kwa mfano, aanze na roho zilizoandikwa kuwa rahisi, kama River Surges in Sunlight, na atumie ule mpangilio wa karata uliotayarishwa kwa wanaoanza.

Ukigundua katikati kwamba umekosea kanuni, usianze upya. Andika kosa, endelea, na urekebishe mchezo unaofuata. Wanaoanza upya kila mara hawafiki mwisho, na mwisho ndipo mingi ya michezo hii inapokaza.

Kufikia mchezo wa tano unapaswa kuweza kupanga meza bila kitabu na kutaja kosa moja la kimkakati ulilolifanya. Kama unaweza kupanga lakini huna hamu, mchezo huo si wako. Fungasha vipande katika mifuko yao, weka kitabu juu, piga picha ya boksi likiwa wazi ili mnunuzi aone kila kitu, na uuze wakati kona zake bado hazijabonyea.